Jedwali la Tukuyu

"Nipunguzie maji tu, dada Subi. Sina ombi lingine."

Sista Tumpale alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, mwavuli ukimchuruzika miguuni. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya figo pale Tukuyu, na kwa kawaida alipokuwa na tatizo alipiga simu. Leo alikuwa amepanda kilima kwa miguu, kwenye mvua.

"Ni Sekela?" Subilaga aliuliza.

"Ni yeye. Mimba imeshakua, lakini ile figo inamkamua kana kwamba hana mimba. Kila nikimpima, presha iko chini. Jana kaanguka jikoni kwake."

Subilaga Mwaisumo alimsogezea kiti. Alikuwa mmoja wa watunzaji wawili wa programu iliyoendesha figo hizo: vifaa vya ukubwa wa kitabu kidogo, vilivyovaliwa kiunoni na kuchuja damu mchana na usiku. Maelfu ya watu walilima, walifundisha, walilala na kuamka wakiwa wamevivaa. Ndani ya kila kifaa kulikuwa na Ukoka, mfumo endeshi wa Linux, ulio wazi kwa kila mtu, uliojengwa na watu wa kujitolea wa nchi za huku. Waliuita hivyo kwa sababu ulitambaa kila mahali, haukuwa na mwenyewe, na kila ulipong'olewa uliota tena.

"Hilo ni dogo," Subilaga alisema. "Jedwali linaloiongoza figo ni letu wenyewe. Nitatafuta namba zinazohusu maji, nitengeneze toleo la wajawazito. Mlaze kliniki mpaka nikupigie."

"Kwa hiyo inawezekana?"

"Sista, ndiyo sababu tulitaka kila kitu kiwe wazi. Ili siku kama ya leo iwezekane."

Tumpale alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, akafungua mwavuli wake, akaondoka.

*

Jedwali lenyewe lilikuwa faili moja ndefu ya namba. Liliiambia figo itoe maji kiasi gani, chumvi kiasi gani na potasiamu kiasi gani kulingana na damu iliyokuwa ikipita. Kabla halijakuwapo, vifaa vilitumia kanuni ya zamani, iliyokuwa salama lakini butu. Wavaaji walikazwa misuli mpaka wakalia, na kila wiki ilibidi waende kliniki kurekebishwa. Kisha Ambakisye Kalinga, mtunzaji wa pili, akaleta jedwali. Alisema amelitengeneza kutokana na damu za watu wa Tukuyu waliojitolea kupimwa mwaka mzima. Maumivu yakaisha. Wavaaji wa Lubumbashi waliandika kushukuru. Watu wakaliita Jedwali la Tukuyu, na siku ya kulizindua wazee wa mji walisimama wakajivunia damu yao.

Subilaga alijivunia pia, na alikuwa na sababu kuliko wengi. Miaka ya nyuma, kampuni moja ya ng'ambo iligombana na serikali za huku juu ya leseni, na figo zote za kampuni hiyo zikazimika. Hazikuharibika, zilizimwa tu. Mdogo wake, Lusajo, alikuwa mmoja wa waliokuwa wamezivaa. Ambakisye, aliyesoma darasa moja na Lusajo, alishika jeneza upande wa kichwani, akakaa na Subilaga matanga yote. Baadaye, wawili hao walipojiunga na wenzao kuandika Mkataba wa Ukoka, ni Ambakisye aliyetunga sentensi ya kwanza: kisiingie mwilini mwa mtu kitu ambacho mtu huyo hana ruhusa ya kukifungua, kukibadili na kumpa jirani yake.

Kwa hiyo Subilaga alipolifungua jedwali siku hiyo, alilifungua kama mtu anayefungua kabati la nyumbani kwake.

Alipunguza namba za maji kidogo, akalijaribu kwenye mwili wa kuigiza, programu iliyojifanya mgonjwa ili binadamu asiumie. Potasiamu ilipanda ghafla na moyo wa kuigiza ukasimama. Akajaribu kwingine, moyo ukasimama tena. Namba zilikuwa zimefungamana kwa namna asiyoielewa. Ukigusa moja, nyingine mia zinakuwa za uongo. Alichohitaji ni vile vipimo vya damu na programu iliyovigeuza kuwa jedwali. Alitafuta kwenye hazina yote ya kifurushi, yaani faili zote za programu ya figo na historia yake. Alikuta mkate, unga haukuwapo.

Akampigia Ambakisye.

"Kaka Amba, nisaidie. Vile vipimo ulivyotengenezea jedwali viko wapi?"



"Vya nini?"

"Kuna mjamzito anakaushwa maji. Nataka kumtengenezea la kwake."

"Vilikuwa kwenye diski iliyoungua."

"Na programu ya kuvikokotoa?"

"Humo humo."

"Hukuweka nakala? Wewe?" Ambakisye alikuwa mtu wa kugombeza wenzake hadharani kwa kutokuweka nakala.

"Subi, usiliguse lile jedwali," alisema. "Linafanya kazi. Mwambie sista amwangalie yule mama kwa karibu, basi."

Akakata. Subilaga alibaki ameishika simu sikioni. Kilichomsumbua si diski kuungua, maana diski huungua. Ilikuwa ile sauti. Hivyo ndivyo Ambakisye alivyoongea na wakaguzi, na watu asiowataka. Yeye hakuwahi kuongeleshwa hivyo.

*

Ukoka haikuandika programu ya figo kuanzia mwanzo. Iliichukua kwa timu ya watafiti wa ng'ambo, ambao kazini waliwaita watu wa juu, kwa kuwa msimbo ulitiririka kutoka kwao kuja chini. Watu wa juu hawakufungwa na Mkataba. Hazina yao ya Git, programu inayotunza kila badiliko la faili, ilichanganya mambo: msimbo ulio wazi, na humo humo faili za kuazima kutoka kwenye makampuni, ambazo mtu haruhusiwi kuzibadili wala kuzigawa. Kila toleo jipya lilipotoka, ilibidi lichekechwe kwanza.

Anayechekecha alikuwa Ambakisye. Aliivuta hazina nzima ya watu wa juu kwenye kompyuta yake, akaondoa vilivyokatazwa, na kwa kilichobaki akaanzisha tawi jipya lisilo na historia yao. Hilo ndilo waliloliita tawi safi. Subilaga alilipokea, akalifungasha, akalijaribu, akatia saini ya pili. Tawi ghafi halikutoka kamwe kwenye kompyuta ya Ambakisye, na sababu ilikuwa ya msingi: Git haisahau. Faili uliyoifuta leo bado ipo kwenye jana, na anayenakili hazina ananakili jana yake pia. Uchafu ukiingia mara moja tu, seva zote za Ukoka zitakuwa zinaugawa hata kama kwa juu hauonekani.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Ila kwa miaka yote hiyo Subilaga hakuwahi kuona kwa macho yake kilichokuwa upande wa juu. Alikuwa akiona kile alicholetewa na Ambakisye.

Asubuhi iliyofuata aliivuta mwenyewe hazina ya watu wa juu.

Git huipa kila faili alama, kama ile ya kidole gumba, inayotokana na kilichomo ndani. Jina halihesabiwi. Ipe faili jina lolote, ihamishe kwenye folda yoyote, maadamu hujagusa herufi moja ya ndani, alama ni ile ile. Subilaga alichukua alama ya Jedwali la Tukuyu, akaiuliza historia ya watu wa juu kama inaijua.

Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole.

Ilikuwepo. Ina jina jingine, iko kwenye folda nyingine, na iliingia huko mapema kuliko siku Ambakisye alipotangaza la kwake. Pembeni yake kulikuwa na leseni fupi. Jedwali ni mali ya kampuni. Limeazimwa kwa timu kwa ajili ya utafiti. Lisibadilishwe, asipewe mwingine, na ruhusa inaweza kuondolewa wakati wowote bila maelezo.

Aliisoma, akainuka, akaenda kunawa uso, akarudi kuisoma tena.

Ambakisye hakuwa amebadili hata namba moja. Subilaga alilielewa hilo taratibu. Ambakisye hakuthubutu kugusa chochote kwa sababu hakujua ipi inafanya nini. Alibadili jina la faili peke yake. Kisha kwenye maelezo ya kifurushi, palipoulizwa mtunzi ni nani, aliandika jina lake. Na palipoulizwa nani amethibitisha usafi wa tawi, palikuwa na saini ya Subilaga Mwaisumo.

*

Alikaa na jambo hilo siku mbili bila kumwambia mtu, na siku hizo mbili hazikuwa za hasira peke yake.

Akiliondoa jedwali, wavaaji wote watarudi kwenye kanuni ya zamani. Atakuwa amewarudishia maumivu watu ambao hawakuiba kitu. Miongoni mwao kulikuwa na Lugano, mke wa Ambakisye, mwalimu wa jiografia, aliyekuwa amelala kitandani karibu mwaka mzima kabla ya jedwali na sasa alikuwa amerudi darasani. Akiliacha, Sekela ataendelea kukaushwa na hakuna mtu wa upande huu wa dunia atakayeweza kumsaidia. Na kampuni ikigundua, itakuwa na haki kisheria ya kudai vifaa vyote visimamishwe. Alijua kusimamishwa kunafananaje. Alikuwa ameshakuona kwenye uso wa Lusajo.

Akajiuliza pia swali ambalo hakulipenda. Kama asingekuja sista Tumpale, je, angependa kujua? 

Jumapili mchana alikwenda Katumba, nyumbani kwa Ambakisye, nyumba ya matofali iliyozungukwa na mashamba ya chai. Lugano ndiye aliyefungua.

"Karibu wifi! Umepotea kama nini. Amba yuko nyuma, nenda, mimi nawaletea chai."

Alienda jikoni kwa hatua za haraka, kifaa kikiwa kiunoni chini ya kitenge. Subilaga alimtazama mpaka alipopotea.

Ambakisye alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, akinoa jembe kwa tupa. Alipomwona hakuuliza habari. Aliiweka tupa chini.

"Umevuta hazina ya juu," alisema.

"Nimevuta."

"Ningejua utavuta ningekuambia mwenyewe."

"Ulikuwa na miaka miwili ya kuniambia."

Ambakisye alijifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mwanamume mrefu, na siku hiyo alionekana hajui aiweke wapi miguu yake. "Nilijaribu, Subi. Naapa. Mwaka mzima nilikuwa na zile damu za watu, nikakokotoa, nikatoa jedwali langu. Halikufaa kitu. Na huku ndani Lugano analia, misuli inamkaza mpaka anauma shuka. Halafu natazama tawi la juu, nakuta lao limelala pale. Kitu cha kumponya kipo kwenye kompyuta yangu, na kazi yangu ni kukifuta. Wewe ungekifuta?"

"Vile vipimo viko wapi?"

Ambakisye aliiokota tupa, akairudisha chini.

"Damu za watu wa mji huu, Amba. Sista Tumpale alizichukua kwa mkono wake. Hakuna diski iliyoungua. Viko wapi?"

"Nilivifuta."

"Kwa nini?"

"Mtu angekuja kulinganisha. Angeona havitoi lile jedwali."

Subilaga alikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Wizi wa faili alikuwa ameshauzoea kidogo kwa siku mbili hizi. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Wazee walikuwa wamepanga foleni kwenye baridi, mikono imekunjuliwa, wakitaniana nani ana damu tamu. Na huyu aliwafuta ili asiumbuliwe.

"Sikiliza," Ambakisye alisema, akachuchumaa karibu naye. "Tulitoe polepole. Toleo lijalo tunaweka jingine, hata likiwa hafifu kidogo, tunaboresha humo humo. Historia tunaiacha. Nani anaangalia nyuma?"

"Kila anayenakili hazina anachukua nyuma yote. Unajua hilo kuliko mimi, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Hawajatuona miaka miwili."

"Siku wakituona watazima. Kama walivyomzima Lusajo."

"Usimtaje Lusajo."

"Nitamtaja! Ulimbeba!" Sauti yake ilipanda hata yeye ikamshtua. Aliishusha. "Uliniletea tawi, ukasema ni safi. Nikaweka jina langu. Unajua kwa nini sikwenda kuchungulia huko juu hata siku moja? Kwa sababu aliyekuwa anachungulia ni wewe."

Ambakisye alikwangua tope kwenye jembe kwa ukucha.

"Nahitaji saini yako," Subilaga alisema. Kuandika upya historia ya kifurushi kulihitaji watunzaji wote wawili. Mmoja akikataa, shauri lingekwenda Baraza la Ukoka na kuchukua majuma; na bila toleo lenye saini zote mbili kifaa cha Sekela kisingekubali kanuni nyingine, naye hakuwa na majuma. "Nimeshatengeneza historia mpya isiyo na jedwali, kuanzia siku lilipoingia. Imebaki saini."

"Hapana."

"Amba."

"Siwezi kutia saini ya kumrudisha mke wangu kitandani. Nifukuzeni, nipelekeni popote. Hiyo siwezi."

"Nani anarudishwa kitandani?"

Lugano alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Ambakisye aliinuka haraka kwenda kumpokea, lakini Lugano aliisogeza sinia pembeni asiifikie.

"Nimeuliza."

Ni Subilaga aliyemweleza, kwa kifupi, bila kumpamba wala kumchafua mtu. Lugano alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia mumewe.

"Hiki ninachovaa uliniambia umekitengeneza wewe."

"Nilitaka upone."

"Sijakuuliza ulitaka nini. Wewe unajua kinavyofanya kazi?"

"Sijui."

"Na hao wenye nacho, wakiamua kukizima?"

Ambakisye alijifuta tena mikono kwenye suruali.

"Nilisimama kanisani nikakushukuru mbele za watu," Lugano alisema. Hakulia. Alikuwa akiongea polepole, kama anayemweleza mwanafunzi mgumu. "Ulikaa pale benchi la mbele umefunga mikono, ukaniacha niendelee. Humu humu nyumbani, kila niliponyanyuka asubuhi bila maumivu, nilikuwa nasema ni akili ya mume wangu. Umenivalisha kitu usichokijua, halafu ukaniangalia nikikushukuru."

"Lugano, utaumwa. Hukumbuki ilivyokuwa? Utaumwa tena."

"Nitaumwa nikijua." Aliweka sinia sakafuni, chai ikamwagika kidogo. "Mtilie saini wifi aende."

Ambakisye akaingia ndani, akatoka na kompyuta. Alikosea neno la siri, akarudia. Alipomaliza, Subilaga aliinuka akaaga kwa Lugano peke yake, akashuka kwenye chai bila kunywa chai.

*

Tangazo aliliandika mwenyewe kabla hajafika mjini. Alieleza kilichoingia, kilivyoingia, na kwamba saini mbili zilikuwa chini yake, moja ikiwa ya kwake. Aliwaambia wavaaji kwamba figo zao zitarudi kwenye kanuni ya zamani, kwamba maumivu yanaweza kurudi, na kwamba hakuna kifaa kitakachobadilishwa bila mwenye mwili kukubali. Wasiokubali wangebaki na walichonacho, kwa hatari yao, ila Ukoka isingekigawa tena.

Baraza lilimpokonya Ambakisye funguo zake za kutia saini siku hiyo hiyo. Za Subilaga zilibaki, lakini kila alichofungasha kilikaguliwa na mtu wa Pemba ambaye hawakujuana naye. Aliona ni haki, na bado ilimuuma kama kofi.

Seva za Kigali, za Lubumbashi na za kwingineko zilitupa historia ya zamani na kuchukua mpya. Waliokuwa na nakala walikuta nakala zao haziungani tena na chochote, na wakatukana. Hao aliwajibu kwa urahisi. Waliompa shida ni wavaaji.

"Mlitupa uzima," mzee mmoja wa Tukuyu aliyehamia Kyela alimwambia kwenye simu. "Sasa mnatunyang'anya kwa sababu ya karatasi ya Wazungu? Kwani lile jedwali lilimuua nani?"

"Bado halijamuua mtu, mzee wangu."

"Basi!"

"Lakini si letu. Siku wakilitaka, watalichukua ukiwa umelivaa."

"Na wewe umelichukua nikiwa nimelivaa. Tofauti yenu ni nini?"

Alimweleza kwamba anaweza kukataa, kwamba chaguo liko mkononi mwake, na yote hayo yalikuwa kweli. Mzee alisikiliza, akasema, "Binti, ninyi mlituambia mmetoa damu zetu mkatengeneza. Mimi nilitoa damu." Kisha akakata. Subilaga hakupiga simu nyingine siku hiyo.

Sekela alirekebishiwa maji kwa asubuhi moja tu. Kanuni ya zamani ilikuwa butu, lakini ilisomeka. Sista Tumpale na Subilaga waliketi nayo mezani, wakabadilisha mistari michache, wakaijaribu, wakamvalisha. Presha ikatulia. Tumpale alimkumbatia Subilaga, kisha akamwachia ghafla.

"Ambakisye alinitumia mimi kuchukua zile damu," alisema. "Watu wananiuliza zimeenda wapi. Niwajibu nini?"

"Waambie ukweli. Jina ni lake, si lako."

"Sindano ilikuwa mkononi mwangu, dada."

Juma lile lile wodi ya figo ilianza kujaa. Wa kwanza kulazwa alikuwa Lugano.

*

Subilaga alikwenda kumwona mchana, saa za kutazama wagonjwa. Nje ya wodi, kwenye benchi la korido, alikaa Ambakisye na chupa ya uji mapajani. Alikuwa amekonda. Alimwona akija, akasimama.

"Hataki niingie," alisema. "Naleta uji, sista anaupokea."

Subilaga aliitikia kwa kichwa, akataka kupita.

"Subi. Niambie kitu kimoja tu. Weka kando Mkataba, weka kando Baraza. Ungekuwa wewe ndiye mimi, mgonjwa ni Lusajo, na lile jedwali liko mbele yako. Ungefanya nini?"

Alisimama. Swali hilo alikuwa ameshajiuliza mwenyewe, kitandani, jikoni, kwenye mvua.

"Ningekuja kwako," alisema. "Ningekuambia, Amba, nimekwama, nisaidie. Labda ungekataa. Labda tungelia wote. Lakini ningekuja kwako."

Ambakisye akaketi, akaikumbatia ile chupa. Subilaga alisukuma mlango wa wodi, akaingia, ukajifunga nyuma yake.

Lugano alikuwa kitanda cha dirishani, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, jasho limemtoka. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejikunja chini ya ngozi kama ngumi. Subilaga alitupa mkoba chini, akaushika mguu, akaukunja unyayo kuelekea juu kama alivyokuwa akimfanyia Lusajo. Walikaa hivyo, mmoja akivuta na mwingine akipumua huku amekaza meno, mpaka misuli ikaachia.

"Wifi," Subilaga alianza, "mimi nili..."

"Usiniombe msamaha." Lugano alifumba macho. "Nimewachoka wa kuniomba msamaha. Umekuja na kompyuta?"

"Ninayo."

"Basi andika, tukusanye vipimo vya jedwali letu wenyewe. Huu mkazo umeanzia kwenye kifundo, umepanda mpaka nyuma ya goti. Wa asubuhi ulianzia pajani, na ulikuwa mkali zaidi. Nilikuwa nimekunywa maji nusu kikombe tu. Sista amenitoa damu muda si mrefu, kipimo cha potasiamu anacho." Alifumbua macho, akamwelekeza kwa kidevu kitanda cha pili, ambako mzee mmoja alikuwa amejiinua kwa kiwiko akiwasikiliza. "Yule baba naye maumivu yamemwanza leo. Anasema hatoi damu yake tena kwa mtu yeyote."

"Ana haki," Subilaga alisema.

"Ana haki. Basi muulize vizuri. Mwambie itakapokaa, mwambie nani ataiona, na umwoneshe namna ya kuifuta mwenyewe akitaka." Alijisogeza apate kukaa, akauma mdomo. "Lakini anza na mimi, kabla haujanishika mwingine."

Subilaga alivuta kiti karibu na kitanda, akafungua kompyuta mapajani, akaigeuza kidogo ili Lugano aone kioo.

"Sema," alimwambia, na Lugano akaanza kusema.